Kulisha Bakteria wa Utumbo kwa Ajili ya Mifupa, Viungo na Misuli: Mwongozo wa Wiki 12

Mwongozo huu ni wa mtu mzima anayetaka kulinda mifupa, viungo na misuli kwa kuanzia tumboni: mama aliyekoma hedhi, mzee aliyeanza kujishikilia meza ili ainuke, mgonjwa wa baridi yabisi anayetumia dawa, au mtu wa makamo anayekaa kitini kutwa nzima. Tutaeleza kwanza bakteria wanafanya nini hasa, maana asiyejua hilo huishia kununua vidonge asivyovihitaji. Halafu tutaingia jikoni.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Bakteria wa utumbo wana nafasi ya kweli katika afya ya mifupa, lakini ni wasaidizi. Hawachukui nafasi ya kalsiamu, protini wala mazoezi. Na chakula kinawalisha vizuri kuliko kopo la duka la dawa.

Utumbo unagusaje mfupa

Mfupa ni kitu hai. Kila siku seli ziitwazo osteoklasti humeng'enya sehemu zilizochakaa, na seli nyingine, osteoblasti, hujenga upya. Mbomoaji akimzidi mjenzi, mfupa unakuwa mwepesi na dhaifu. Bakteria huingia katika mizani hiyo kwa njia kadhaa.

Ya kwanza ni nyuzinyuzi. Sisi hatuna vimeng'enya vya kuzivunja, kwa hiyo hufika utumbo mpana zikiwa nzima, na huko bakteria huzichachua na kutoa asidi fupi za mafuta: aseteti, propioneti na butireti. Butireti ndiyo chakula kikuu cha seli zinazofunika ukuta wa utumbo mpana. Mwaka 2018 watafiti wa Erlangen, Ujerumani, walionyesha kwamba panya waliopewa butireti au propioneti walipungukiwa na osteoklasti na kubaki na mfupa mwingi zaidi.

Ya pili ni madini. Asidi hizo hushusha pH ya utumbo mpana (yaani huufanya uwe na uchachu zaidi), na kalsiamu ambayo ingepotea chooni huyeyuka na kufyonzwa. Hili limepimwa kwa binadamu: katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2005, vijana wanaobalehe waliopewa gramu 8 za nyuzi aina ya inulini kila siku kwa mwaka mmoja walifyonza kalsiamu zaidi na kuongeza madini ya mifupa kuliko wenzao.

Ya tatu ni kinga ya mwili, na hapa mambo si mepesi kama matangazo yanavyodai. Mwaka 2012 watafiti wa Gothenburg, Uswidi, waliwakuza panya wasio na bakteria hata mmoja, wakakuta mifupa yao ni mizito kuliko ya panya wa kawaida. Walipowapa bakteria, uzito wa mifupa ukarudi kuwa wa kawaida. Sababu ni kwamba bakteria huichokoza kinga, na kinga iliyochokozwa huongeza wabomoaji wa mfupa. Kwa hiyo lengo si kuongeza bakteria ovyo. Lengo ni kulisha wanaotuliza uvimbe wa ndani na kuutunza ukuta wa utumbo usivujishe.

Kwa viungo, kuna uhusiano wa wazi kabisa na mwingine ambao bado ni wa kudokezwa. Wa wazi: kuhara kwa salmonela, shigela au kampilobakta kunaweza kufuatiwa, wiki 1 hadi 4 baadaye, na kuvimba kwa goti au kifundo cha mguu, ingawa ndani ya kiungo hicho hamna bakteria hai. Kunawa mikono kwa sabuni ni kinga ya viungo pia. Wa kudokezwa: mwaka 2013 watafiti wa New York waliona bakteria aitwaye Prevotella copri amezidi kwa wagonjwa wapya wa baridi yabisi ambao hawajaanza dawa. Kwamba ndiye aliyeleta ugonjwa, hiyo haikuthibitishwa. Dawa ya zamani ya baridi yabisi, salfasalazini, haifanyi kazi mpaka bakteria wa utumbo mpana waivunje vipande viwili.

Kwa misuli, ushahidi mwingi ni wa panya. Kwa binadamu, jaribio la King's College London lililochapishwa mwaka 2024 liliwapa pacha wa zaidi ya miaka 60 unga wa nyuzi za kulisha bakteria kwa wiki 12, wote wakitumia protini na kufanya mazoezi. Unga haukuongeza nguvu ya miguu. Anayekuuzia unga wa aina hiyo akidai unajenga msuli, muulize juu ya hilo.

Na vidonge vya probaiotiki, yaani bakteria hai wa kumeza? Majaribio ya Uswidi yanagongana. Mwaka 2018, wanawake 90 wa miaka 75 hadi 80 wenye mifupa dhaifu walipewa bakteria Lactobacillus reuteri au kidonge kitupu kwa mwaka mmoja, na waliopata bakteria walipoteza kiasi kidogo zaidi cha mfupa kwenye muundi. Bakteria huyohuyo alipojaribiwa kwa wanawake 239 walioingia kukoma hedhi karibuni, kwa miaka 2, matokeo ya mwaka 2024 hayakuonyesha faida yoyote. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na vidonge.

Wiki ya kwanza: pima ulipo

Usibadilishe chakula bado. Fanya vipimo vinne uviandike.

Kaa kwenye kiti kisicho na mikono, kunja mikono kifuani, inuka na kukaa mara 5 haraka uwezavyo. Ukizidi sekunde 15, misuli ya miguu ni dhaifu. Pima mita 4 sakafuni utembee kwa mwendo wako wa kawaida: ukitumia sekunde 5 au zaidi, hiyo nayo ni dalili. Toa alama ya maumivu ya viungo kila asubuhi, 0 hadi 10, na uandike ukakamavu unachukua dakika ngapi kuachia. Mwisho, andika choo: mara ngapi, kigumu au laini.

Kwa siku 3 andika kila unachokula, kisha kadiria nyuzinyuzi kwa makisio haya. Nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa ni gramu 6 hadi 7, kunde 5 hadi 6. Ugali wa dona uliotokana na gramu 100 za unga una takriban 7, wa sembe iliyokobolewa ni sehemu ndogo tu ya hizo. Nusu parachichi ni 6 au zaidi kidogo, pera moja 3, kiazi kitamu cha wastani 4, nusu kikombe cha mchicha uliopikwa 2, konzi ya karanga 2 hadi 3. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 25 kwa siku. Anayekula wali mweupe, chapati na chipsi kwa kawaida hafiki hata nusu.

Wiki ya 2 hadi ya 5: ongeza nyuzinyuzi taratibu

Kosa linalowashinda wengi ni haraka. Mtu anatoka gramu 10 kwenda 35 kwa siku moja, tumbo linajaa gesi, anasema maharage hayampatani na anarudi kwenye chipsi. Ongeza gramu 5 kwa wiki, usizidishe. Bakteria wanaochachua nyuzi wanahitaji muda waongezeke, na wewe unahitaji maji: glasi 2 zaidi kwa siku, la sivyo choo kitakuwa kigumu badala ya kulainika.

Loweka maharage saa 12, mwaga maji yake, yapike kwa maji mapya. Sehemu ya sukari zinazoleta gesi huondoka na maji hayo. Anza na vijiko 3 vya mezani kwa mlo, usianze na bakuli. Choroko na dengu zilizokobolewa ni nyepesi zaidi kwa tumbo lisilozoea.

Badilisha kitu kimoja kila wiki: wiki ya 2 sembe iwe dona, ya 3 kunde au maharage kila siku, ya 4 tunda zima badala ya juisi, ya 5 mboga za majani milo yote miwili. Ukifika hapo, siku ya kawaida yenye uji wa ulezi, kiazi kitamu, ugali wa dona na kunde na sukuma wiki, pera na karanga itakufikisha gramu 25 bila kununua kitu cha kigeni.

Kuna ushahidi wa karibu na nyumbani. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya jaribio la mkoa wa Kilimanjaro lililohusisha wanaume 77 wenye afya. Waliozoea chakula cha asili, walipobadilishiwa cha kizungu kwa wiki 2 tu, alama za uvimbe kwenye damu zilipanda. Wa mjini walipohamia chakula cha asili, zilishuka, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki 4 baadaye. Kundi la tatu lilikunywa mbege, pombe ya asili ya ndizi, kwa wiki moja na lenyewe likaonyesha kupungua kwa uvimbe. (Wapenzi wa mbege wasishangilie sana: pombe nyingi hudhoofisha mifupa na kuamsha jongo. Togwa, kinywaji cha uji wa nafaka, inachachuka vilevile bila kulewesha.) Jaribio hilo halikupima mifupa, lakini uvimbe wa ndani ndio uleule unaowaamsha wabomoaji wa mfupa.

Viazi, ndizi au wali uliopikwa ukapoa huwa na wanga mgumu kumeng'enywa, ambao bakteria wanaupenda. Kiporo basi kina faida, kwa sharti moja: kiingie kwenye friji ndani ya saa 2 baada ya kupikwa na kiliwe ndani ya siku 2. Wali uliolala juu ya jiko usiku kucha huotesha bakteria ambao sumu yao haiondoki hata ukipasha moto.

Wiki ya 6 hadi ya 8: vyakula vilivyochachuka

Lengo ni glasi 1 hadi 2 kwa siku. Katika jaribio la Stanford la mwaka 2021, waliokula vyakula vilivyochachuka kila siku waliongeza aina za bakteria tumboni na alama 19 za uvimbe zikapungua. Hapa kwetu njia rahisi ni mbili.

*Togwa, lita 2*

1. Tengeneza kimea. Chagua nusu kilo ya ulezi safi, loweka saa 12 hadi 24, mwaga maji, tandaza kwenye kitambaa chenye unyevu siku 2 hadi 3 mpaka mizizi ichomoze. Anika juani hadi ikauke kabisa, kisha saga. Tumia ulezi badala ya mtama, kwa sababu mtama unaochipua hutengeneza kemikali inayotoa sianidi.
2. Koroga gramu 200 za unga wa dona kwenye maji baridi nusu lita, mimina kwenye lita 1.5 ya maji yanayochemka, pika dakika 20 ukikoroga.
3. Epua, acha ipoe mpaka iwe vuguvugu, nyuzi 35 hadi 40. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kimea kikiwekwa kwenye uji wa moto, vimeng'enya vyake hufa na uji unabaki mzito kama gundi.
4. Tia vijiko 4 vya mezani vya kimea, na kikombe kimoja cha togwa nzuri ya jana kama unayo. Baada ya nusu saa uji utakuwa umelegea.
5. Funika kwa kitambaa safi saa 12 hadi 24. Mahali pa baridi kama Mbeya au Limuru inaweza kuchukua saa 36.

Iliyo tayari ina uchachu safi na harufu ya kupendeza. Ikitoa harufu ya kuoza, ikiota ukungu au ikiwa na ute unaovutika, mwaga yote. Ikipita siku 2 nje ya friji inaanza kuwa pombe. Usitumie nafaka yenye ukungu hata kidogo, kwa sababu sumukuvu haiondolewi vya kutosha kwa kupika wala kuchachua.

Kuchachua nafaka kuna faida nyingine isiyotegemea bakteria walio hai: hupunguza faiteti, kitu kwenye nafaka kinachoshika kalsiamu, chuma na zinki visifyonzwe. Hivyo hata uji wa kuchachua unaopikwa baada ya kuchachuka, na bakteria wake wakafa, bado ni bora kuliko uji wa kawaida. Wazee sana na wenye kinga dhaifu watumie huo uliopikwa.

*Mtindi, lita 1*

Chemsha maziwa mabichi, yaache yachemke dakika 5. Yapoze mpaka kidole safi kivumilie humo ukihesabu hadi kumi. Koroga vijiko 3 vya mtindi mtupu usio na sukari wenye bakteria hai, funika chombo kwa blanketi, acha saa 6 hadi 8 bila kutikisa. Usipoganda, ama maziwa yalikuwa ya moto ukaua bakteria, ama chombo kilipoa mapema, ama kianzio kilikuwa kimechoka. Kianzio kibadilishe baada ya mizunguko 5 au 6.

Usichachue maziwa yasiyochemshwa. Bruselosisi, ugonjwa wa bakteria wa mifugo, hupita kwenye maziwa mabichi, uchachu hauiui kwa uhakika, na mojawapo ya mahali inapopenda kukaa ni uti wa mgongo na nyonga. Mtu anakunywa maziwa ya mgando kulinda mifupa, kumbe anayaalika maradhi. Homa ya jioni inayokuja na kwenda, jasho la usiku na maumivu ya mgongo kwa mfugaji ni sababu ya kwenda kupima.

Ambaye tumbo lake linakataa maziwa freshi mara nyingi huvumilia mtindi, kwa kuwa bakteria wamekwisha kula sehemu ya laktosi, sukari ya maziwa.

Wiki ya 6 na kuendelea: matofali yenyewe

Kazi ya bakteria ni bure kama hakuna cha kufyonza. Mtu mzima anahitaji miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji 1,200. Kikombe cha mtindi kina takriban 300, gramu 100 za unga wa ulezi karibu 350, na dagaa wadogo wanaoliwa na mifupa yao ni hazina ambayo watu wanaidharau. Mchicha una kalsiamu nyingi kwenye karatasi, lakini oksaleti yake huishika isifyonzwe. Sukuma wiki ni bora kwa kazi hii.

Protini kwa mzee iwe gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito, yaani 60 hadi 72 kwa mtu wa kilo 60, igawanywe kwenye milo yote. Chai na mkate asubuhi, ugali na mboga mchana, halafu nyama yote usiku: mpangilio huo haulishi msuli vizuri. Mwenye ugonjwa wa figo asipandishe protini bila daktari wake.

Vitamini D hutokana na jua juu ya ngozi. Wanaoshinda ndani, wanaojifunika mwili wote, na ndugu walioko Ulaya wakati wa baridi wako kwenye hatari. Uingereza inapendekeza mikrogramu 10 kwa siku majira ya vuli na baridi.

Mazoezi siku 3 kwa wiki, siku zisizofuatana: kuinuka kitini seti 3 za mara 10, kusukuma ukuta seti 3 za mara 10, kuinuka kwa vidole ukishika meza na kushuka kisigino kwa kishindo kidogo mara 20. Mwenye mifupa iliyothibitishwa kuwa dhaifu aache kishindo, na asipinde mgongo mbele akiwa na mzigo. Seti ikiwa rahisi, beba chupa za maji za lita moja kila mkono. Kutembea ni kuzuri lakini peke yake hakutoshi kujenga msuli.

Dawa zinazoharibu kazi yote

Antibaiotiki za kujinunulia kwa mafua au tumbo huua bakteria wema pamoja na wabaya, na aina nyingine huchukua miezi kurudi. Ukiandikiwa na daktari, maliza dozi, na endelea na nyuzinyuzi.

Diklofenaki na ibuprofeni za kila siku hutuliza goti huku zikichubua tumbo na utumbo na kuumiza figo. Halafu mtu anaongeza omeprazoli kwa ajili ya kiungulia, anaitumia miaka. Matumizi marefu ya dawa za kundi hilo yamehusishwa na kuvunjika nyonga, na yanabadilisha bakteria wa utumbo. Muulize daktari kama bado unaihitaji. Usiiache ghafla kama umewahi kutokwa damu tumboni.

Mgonjwa wa baridi yabisi asiache dawa yake ya methotreksati kwa sababu ameanza togwa. Kiungo kikishaliwa hakirudi. Anayetumia dawa za kushusha kinga, au mwenye CD4 (seli za kinga) za chini, asitumie vidonge vya probaiotiki bila kumuuliza daktari.

Wiki ya 12: pima tena

Rudia vipimo vya wiki ya kwanza. Choo huwa kinabadilika kwanza, ndani ya wiki chache. Kiti na mwendo huboreka kwa wiki 8 hadi 12, na hilo ni kazi ya mazoezi na protini zaidi kuliko ya bakteria. Maumivu ya baridi yabisi huenda yakapungua kidogo au yasipungue. Mfupa hauonekani kubadilika kwa miezi mitatu: kipimo cha DXA, picha ya eksirei ya kupima uzito wa mifupa, hurudiwa baada ya mwaka 1 hadi 2, kwenye mashine ileile, la sivyo tofauti za mashine zitakudanganya. Ukiacha chakula hiki, bakteria nao wanageuka. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi wameonyesha bakteria wa tumboni wakipungua na kurudi kufuata msimu wa chakula.

Usisubiri wiki ya 12 kama kiungo kimoja kimevimba na kuwa cha moto pamoja na homa, kama mgongo umeuma ghafla baada ya kuinua kitu chepesi, kama urefu umepungua sentimita 4 tangu ujana, au kama ukakamavu wa asubuhi unazidi saa moja kwa wiki 6. Choo cheusi kama lami kwa mtu anayetumia diklofenaki ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.